Kusoma umri wa mwamba na bahari ya kale kwa foraminifera: kutoka udongo wa Kilwa hadi kwenye hadubini

Ukishika barabara ya Nangurukuru kwenda Lindi, kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua, na ndani yake unaonekana udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaoelekea kijani. Wenyeji wanaujua kwa adha yake: masika unanasa magurudumu, kiangazi unapasuka nyufa za kutumbukiza mguu. Kwa anayesoma visukuku, udongo huo ni hazina. Gao moja tu linaweza kuwa na maelfu ya magamba ya foraminifera, yamelala humo miaka milioni 30, 40, hata zaidi ya 66, na mengi yangali maangavu kama kioo.

Foraminifera ni viumbe wa seli moja, karibu wote wa baharini. Kila mmoja hujijengea gamba, wengi kwa kalisiamu kaboneti, akiongeza chumba juu ya chumba kadiri anavyokua. Walio wengi hawafiki milimita moja. Baadhi huishi wakielea karibu na uso wa bahari. Wengine hukaa sakafuni au ndani ya tope. Wakifa, magamba huzama na kufukiwa. Spishi moja huzuka, husambaa baharini, kisha hutoweka isirudi tena, na hiyo ndiyo saa yetu. Kila spishi pia ina mahali inapopapenda, na hiyo ndiyo ramani yetu ya bahari ya zamani.

Mifano mingi humu nimeitoa Kilwa na Lindi. Kampuni za BP na Shell zilitafuta mafuta pwani hii miaka ya 1950, na sampuli za Lindi zikaingia katika vitabu vya msingi vya fani hii. Kuanzia 2002 mradi wa uchorongaji wa kisayansi, ambao Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lilikuwa mshiriki wake, ulitoboa mashimo mafupi katika udongo huu. Mtaalamu wa TPDC, Joyce Singano, alikuwa mmoja wa waandishi wa tafiti zake tangu mwanzo, na mwaka 2014 spishi mpya ilipewa jina kwa heshima yake: Hantkenina singanoae. Mwanafunzi wa Kitanzania anayeanza leo na alijue jina hilo.

Kabla ya yote: yazoeze macho kwa mchanga wa pwani

Usianze na visukuku. Chukua kijiko cha mchanga wa ufukwe ulio karibu na matumbawe, uuoshe kwa maji baridi, uukaushe, uutandaze kwenye karatasi nyeusi chini ya hadubini ya kukuza mara 20 hadi 40. Tafuta vitu vyenye mpangilio. Amphistegina ana umbo la dengu, mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukimgeuza utaona mistari ya vyumba ikijipinda kutoka katikati. Sorites ni kisahani bapa, chenye duara juu ya duara. Huyu hupatikana akiwa hai amejibandika kwenye majani ya nyasi za baharini. Ukiweza kumtofautisha na kipande cha kombe au cha tumbawe bila kusita, macho yako yameanza kuiva. Kazi hii huchukua siku mbili tatu, na haina mbadala.

Hatua ya kwanza: pata udongo ambao haujaliwa na hewa

Kwanza vibali. Kwa utafiti rasmi Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ukifika kijijini pita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, ujitambulishe, ueleze unachimba nini na kwa nini. Watu wa pale ndio wanaojua korongo gani limeporomoka juzi na kuacha udongo mbichi.

Udongo mbichi ndio jambo lenyewe. Katika joto na mvua za kwetu, mita za juu za ardhi huoza. Madini ya salfidi yaliyomo kwenye tope la bahari yakikutana na hewa hutoa asidi, na asidi hiyo inayayeyusha magamba. Dalili zake ziko wazi: udongo umegeuka kahawia, una mabaka ya njano, na humo zinameta fuwele za jasi kama vipande vya kioo cha dirisha. Ukiona jasi kwa wingi, chimba zaidi au hama. Tafuta kijivu kibichi kinachokatika kwa kisu kama sabuni. Dondoshea tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10: ukichemka povu, kaboneti bado ipo, na kuna matumaini.

Ndiyo maana mradi ule ulichoronga badala ya kuokota juu ya ardhi. Ikiwa huna mtambo wa kuchoronga, kisima kinachochimbwa au mtaro mpya wa barabara utakufaa sana.

Chukua gramu 100 hadi 200 kila sampuli, kutoka chini kwenda juu, na kila unapopanda pima kimo kutoka mahali pamoja ulipopachagua. Futa jembe au kisu kila baada ya sampuli.

Andika kabla ya kufunga mfuko. Namba ya sampuli, GPS, kimo katika tabaka, rangi, tarehe. Weka kikaratasi kimoja ndani ya mfuko na namba nyingine nje kwa wino usiofutika. Gamba lisilojulikana lilikotoka halina cha kutuambia, hata likiwa zuri kiasi gani.

Hatua ya pili: osha kwa subira

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Kausha udongo kwenye oveni isiyozidi nyuzi 50, au juani ukiwa umefunikwa na kitambaa dhidi ya vumbi. Ukaushe kabisa, maana mfinyanzi uliokauka sawasawa hupasuka na kusambaratika wenyewe ukitiwa majini, ilhali wenye unyevu hubaki bonge. Gawa sampuli: nusu irudi mfukoni, nusu iloweke usiku kucha kwenye bakuli la maji ya bomba. Usitumie maji yaliyosafishwa ya maabara kwa kulowekea, kwa kuwa yana uchachu kidogo na hula magamba membamba. Tia chembe ya magadi soda kama maji yako si ya chumvichumvi. Haidrojeni peroksaidi hafifu husaidia bonge gumu lenye mabaki mengi ya mimea, lakini ukikusudia kupima kemia ya magamba usiitumie.

Asubuhi, mimina tope kidogo kidogo kwenye chekeche lenye matundu ya mikroni 63, yaani matundu yanayolingana na unene wa unywele. Pitisha maji kwa mpira au bomba la manyunyu, kwa nguvu ya kumwogesha mtoto mchanga. Usisugue kwa vidole. Magamba yana miiba, na mwiba uliovunjika ni jina lililopotea. Endelea mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe kabisa. Gramu 100 za mfinyanzi wa Kilwa hubakisha kijiko kimoja tu cha mabaki, na mara ya kwanza utadhani umemwaga kila kitu. Usiogope. Hicho kijiko ndicho ulichokifuata.

Osha mabaki kwenda kwenye karatasi ya chujio, kausha, weka kwenye kichupa chenye namba.

Sasa kuhusu chekeche. Nilipokuwa najifunza, nilikuta Globotruncana katika sampuli niliyojua ni ya Eosini, kipindi cha kale kilichoisha miaka milioni 33.9 iliyopita. Huyo ni foraminifera wa Kretasia, kipindi cha zamani zaidi ya Eosini, mwenye ukingo uliosimama kama mshono wa kofia, na jamaa zake wote waliangamia miaka milioni 66 iliyopita. Kwa siku nzima nilijenga hoja ya jinsi mito ya kale ilivyomsomba kutoka miamba mikongwe. Kumbe chekeche lile lile lilikuwa limeoshewa udongo wa Kretasia asubuhi, na gamba moja lilikwama kwenye waya. Tangu hapo sijawahi kuruka hatua hii: kila baada ya sampuli, lisugue chekeche kwa brashi kutoka upande wa chini, kisha lichovye kwenye rangi ya metileni bluu na ulisuuze. Gamba lolote lililobaki litakuwa na rangi ya bluu, na likijitokeza kwenye sampuli inayofuata utalijua ni la wizi.

Hatua ya tatu: okota

Pitisha mabaki makavu kwenye chekeche la mikroni 150 ili kutenga makubwa na madogo, na uanze na makubwa. Nyunyiza kiasi kidogo kwenye sinia nyeusi yenye mistari ya miraba. Lowesha ncha ya brashi ya rangi, namba 000, kwa maji. Gusa gamba, litang'ang'ania. Lihamishie kwenye slaidi ya karatasi ngumu iliyopakwa gundi hafifu inayoyeyuka kwa maji, ili ukitaka kulibandua baadaye liachie bila kuvunjika.

Kanuni inayotumika sana ni magamba 300 kwa kila sampuli. Yahesabu yote unayokutana nayo kwenye miraba uliyoichagua, mabaya kwa mazuri. Ukichagua warembo tu, hesabu yako haina maana. Kisha pitia mabaki yote yaliyosalia kutafuta spishi adimu; hizo ndizo mara nyingi hubeba umri.

Hatua ya nne: mtambue

Mwangalie kila mmoja pande tatu: mgongoni ambako mzunguko wa vyumba unaonekana, tumboni ambako kuna mdomo, na ubavuni. Jiulize kwa utaratibu. Vyumba vimejipanga mzunguko au msururu? Ni vingapi katika mzunguko wa mwisho? Mdomo uko wapi, una kipande cha kuufunika kama mdomo wa juu? Ukuta ni laini, una vinyweleo (vitundu vidogo sana), una vijipele? Kuna ukingo? Kuna miiba? Chora kwa penseli. Mchoro mbaya uliouchora mwenyewe utakufundisha kuliko picha nzuri kumi, kwa sababu mkono hauwezi kuchora kitu ambacho jicho halijakiona.

Hatua ya tano: soma umri

Ukionyeshwa picha ya mtaa wa Dar es Salaam isiyo na tarehe, ukaona gari lenye namba za mfululizo wa D, unajua picha hiyo haikupigwa wakati magari mapya yalikuwa bado yanapewa namba za B. Hujui siku, lakini umepata kikomo cha upande mmoja. Spishi iliyozuka wakati fulani inafanya kazi hiyo hiyo: mwamba wenye gamba lake hauwezi kuwa mkongwe kuliko kuzuka kwake. Spishi iliyotoweka inakupa kikomo cha upande wa pili. Ukipata spishi kadhaa pamoja, vikomo vinabana hadi ubaki na kipande chembamba cha wakati. Wataalamu wamevipa vipande hivyo herufi na namba: E kwa Eosini, O kwa Oligosini inayofuata, M kwa Miosini iliyo changa zaidi.

Chukua mfano halisi wa eneo la Stakishari, karibu na Pande. Katika udongo wa chini unamkuta Hantkenina: vyumba vyake ni vinono, na kila kimoja kimechomoza mwiba mrefu wenye uwazi ndani. Ukimwona mara moja hutamsahau, anafanana na nyota iliyochorwa na mtoto. Pamoja naye yupo Turborotalia wa kundi la cerroazulensis. Kadiri unavyopanda, Turborotalia hao wanakoma. Mita chache juu yake, spishi zote tano za familia ya Hantkenina zinakoma kwa pamoja. Hapo umesimama kwenye mpaka wa Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, mwisho wa kipande E16 na mwanzo wa O1. Mpaka rasmi wa dunia uliwekwa Massignano, Italia, kwa alama hiyo hiyo ya kutoweka kwa Hantkenina. Pseudohastigerina naye hapotei hapo, ila magamba yake yanapungua ukubwa ghafla. Ukiwa na hadubini yenye kipimo unaweza kuliona hilo mwenyewe.

Mambo matatu ya kuchunga.

Kutomwona si ushahidi kuwa hayupo. Miiba ya Hantkenina huvunjika, kwa hiyo kabla hujatangaza kuwa ametoweka, pekua mabaki madogo utafute miiba mitupu.

Magamba ya kale husombwa na kuzikwa upya katika tope jipya. Kwa hiyo katika korongo au kwenye kiini cha mchorongo (nguzo nzima ya udongo inayotolewa shimoni), kuzuka kwa spishi ni alama ya kuaminika kuliko kutoweka. Aliyesombwa mara nyingi huwa amechubuka, au rangi yake haifanani na ya wenzake.

Kwenye visima vya mafuta na gesi mambo yanageuka. Kule mara nyingi hupewi kiini bali vipande vinavyopanda na matope ya kuchorongea, na kuta za juu humomonyokea chini. Hivyo gamba changa linaweza kukutwa kwenye kina kirefu isivyostahili. Fundi wa visima hutegemea kutoweka, yaani mahali spishi inapoonekana kwa mara ya kwanza wakati kisima kinashuka. Njia hii ndiyo iliyoipa fani yetu ajira tangu miaka ya 1920 huko Texas, ambako wanawake watatu, Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, walizionyesha kampuni za mafuta kwamba vidubwana hivi vinaweza kulinganisha visima vilivyoachana kilometa nyingi.

Hatua ya sita: soma mazingira

Anza na hesabu rahisi: kati ya magamba 300, wangapi ni wa kuelea na wangapi wa sakafuni? Karibu na ufuko wanaoelea ni wachache. Kadiri bahari inavyoongezeka kina, asilimia yao inapanda. Mlinganyo uliochapishwa 1990 na Van der Zwaan na wenzake, ambao huwaweka kando wale wanaoishi ndani ya tope, unatoa kina cha mita 210 hivi kwa asilimia 50 ya wanaoelea, na mita 870 hivi kwa asilimia 90. Ichukulie kama makadirio. Magamba ya wanaoelea huyeyuka kwa urahisi zaidi, na yakiyeyuka bahari itaonekana ya kina kifupi kuliko ilivyokuwa.

Halafu waulize wa sakafuni. Ammonia akitawala, fikiria mlango wa mto au maji yenye chumvi kidogo. Milioli, wenye magamba meupe kama kigae cha kauri, ni wa maji mafupi ya vuguvugu. Amphistegina na Nummulites waliishi kwa kushirikiana na mwani ndani ya miili yao, kwa hiyo palikuwa na mwanga. Bolivina, Bulimina na Uvigerina wakijaa, tope lilikuwa na chakula kingi na huenda oksijeni ilikuwa haba. Cibicidoides kwa wingi huashiria maji yenye hewa ya kutosha.

Lakini Kilwa itakufundisha tahadhari moja. Katikati ya udongo wa kina kirefu, uliojaa wanaoelea, unakuta ghafla tabaka la mawe ya chokaa lenye Nummulites tele, bapa kama sarafu, ambazo ndizo zilizowapa jina kwa Kilatini. Bahari haikukauka na kujaa tena. Magamba hayo yaliishi kwenye maji mafupi, kisha maporomoko ya chini ya bahari yakayateremsha mteremkoni. Utayatambua kwa tabaka lenye chembe kubwa chini na ndogo juu, na kwa magamba yaliyovunjika. Nummulites hao hao ndio waliojaa kwenye mawe ya piramidi za Giza, Misri. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika zamani kwamba watu wa pale waliamini ni mabaki ya dengu za wajenzi yaliyogeuka mawe.

Hatua ya saba: kabla ya kupima joto, livunje gamba moja

Gamba hubeba oksijeni ya maji lilimojengwa. Maji yakiwa baridi, gamba huchukua zaidi oksijeni nzito, isotopu (aina ya atomi) ya 18. Tofauti ya kama 0.2 kwa elfu ni takriban nyuzi joto moja. Kipimo hiki hufanywa kwenye maabara chache zenye mashine maalumu, lakini uamuzi mkubwa unaufanya wewe kwenye hadubini yako.

Livunje gamba moja kwa sindano, utazame ukuta. Ukiwa mwangavu, unapitisha mwanga, na vinyweleo viko wazi, ni gamba la kioo. Ukiwa mweupe kama sukari ya unga, fuwele zimejijenga upya. Hilo hutokea sana kwenye tope jeupe la bahari kuu, na kwa kuwa fuwele mpya hukua chini kwenye maji baridi, gamba la aliyeishi juu, kwenye joto, linaanza kusimulia ubaridi wa sakafuni. Kwa miaka mingi vipimo vya namna hiyo viliwafanya wanasayansi waamini kuwa bahari za tropiki za Eosini zilikuwa baridi kuliko zinavyopaswa. Mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji kirahisi, na haukufukiwa kina kirefu sana, ndiyo maana magamba yake yalisalimika. Mwaka 2001 mwanasayansi Paul Pearson na wenzake, Singano akiwemo, walichapisha vipimo vya magamba ya Tanzania vikionyesha joto la juu ya bahari la angalau nyuzi 28 hadi 32. Hoja ya tropiki baridi ikapoteza mguu wake.

Kumbuka pia kuwa barafu ikikua nchi kavu, maji yanayobaki baharini huwa na oksijeni nzito zaidi, hata joto lisipobadilika. Kwa hiyo katika nyakati kama mpaka wa Eosini na Oligosini, barafu ya Antaktika ilipotanda, usitafsiri oksijeni peke yake. Pima na uwiano wa magnesiamu na kalisiamu, ambao hupanda na joto. Magamba ya Stakishari yalipimwa hata boroni, inayodokeza uchachu wa bahari na hivyo kaboni dioksidi ya hewani, na mwaka 2009 yakaonyesha kaboni dioksidi hewani ilikuwa imeshuka kabla barafu hiyo haijakua.

Kuhifadhi

Funika slaidi kwa kioo, andika juu yake namba ile ile ya mfukoni, jina la spishi na jina lako. Usiziweke kwenye sanduku la mbao bichi wala kadibodi yenye harufu kali. Mvuke wake una asidi na magamba hupauka polepole mpaka yakabaki unga. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye gundi, hivyo weka pakiti ya kukausha na uibadilishe kila masika. Ile nusu ya udongo ambayo hukuiosha ifunge upya, namba ionekane, na uiweke mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuifikia. Siku mtu akitilia shaka Hantkenina wako wa mwisho, ataomba huo udongo kwanza.